Sauti za Juu

Fundi Sikio alikuwa na namna yake ya kuingia ndani ya gari la mteja. Alivua viatu kwanza, akaviacha kando ya mlango kama mgeni anayeingia sebuleni kwa watu, kisha akaketi kwenye kiti cha dereva na kukisogeza hadi pale mwenye gari anapokaa, si pale yeye alipopenda. Akafunga mlango. Akafumba macho. Ukimtazama kupitia kioo ungedhani amelala, isipokuwa kidole chake cha shahada kilichokuwa kikipanda na kushuka juu ya usukani, kikifuata sauti moja kati ya sauti nyingi, kikiitenga kama mtu anayechambua chuya kwenye mchele.

Jina la Sikio alipewa na wateja. Walisema anaweza kusikia skrubu iliyolegea ndani ya mlango gari likiwa bado liko barabarani linakuja. Hilo walilitia chumvi, lakini si nyingi. Kazi yake ilikuwa kufunga muziki kwenye magari na kuulainisha, na kwa miaka mingi aliifanya kwa bisibisi na masikio tu. Zilipoingia prosesa, vile visanduku bapa vinavyofichwa chini ya kiti na kuipanga sauti kwa hesabu kabla haijafika kwenye spika, mafundi wengi wa rika lake walizisusa. Yeye alizipokea kwa mikono miwili. Kila mteja alimweleza kwa maneno yale yale: dereva hakai katikati ya gari, amekaa upande, spika ya mlango wake inamsemea gotini, ya mlango wa pili iko mbali, kwa hiyo wimbo humfikia vipande vipande, wa huku kabla ya wa kule. Prosesa humzuia kidogo aliye karibu, muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ili wote wafike pamoja. Hapo ndipo mwimbaji anapotoka mlangoni, akapanda juu ya dashibodi na kusimama mbele yako.

"Kama mtu," alikuwa akimalizia, na kila alipolisema neno hilo uso wake ulichanua kana kwamba ndiyo kwanza jambo lenyewe linagunduliwa.

Aliyemfundisha kuipangia prosesa kwa kompyuta alikuwa mkaza mwanawe. Binti huyo alikuwa amesomea mitambo ya sauti, na mumewe, mtoto wa pekee wa Fundi, alipopata kazi ya kuendesha malori ya masafa marefu, yeye alibaki na wakwe zake na kuomba afanye kazi karakanani. Fundi alikubali shingo upande. Hakuwa na shaka na ujuzi wake. Kilichomsumbua ni haya. Aliona vigumu kumtuma mke wa mwanawe amshikie tochi chini ya dashibodi, na vigumu zaidi kumkosoa. Naye binti alikuwa na adabu iliyozidisha ugumu wenyewe: hakumkatiza, hakuketi kabla yake, na akisemeshwa alijibu huku akitazama vidole vyake. Hata hivyo, siku zilivyokwenda walipata mwendo wao. Yeye alipitisha nyaya, binti akapima. Yeye alisikiliza, binti akahifadhi vipimo. Walifanya kazi kwa maneno machache kiasi kwamba mama wa nyumba alizoea kuwatania mezani kwamba karakana ile ina kelele za spika tu, wenyewe wamezimwa.

Mambo yakaenda hivyo hadi mchana mmoja Fundi alipotoka kwenda kula, akafika nusu ya njia, akakumbuka kuwa ameacha miwani. Akarudi. Gari alilolimaliza asubuhi lilikuwa bado kivulini, mlango wazi, na ndani yake ameketi mkwewe, kompyuta mapajani. Fundi aliutazama mstari wa sauti kwenye skrini kupitia juu ya bega lake. Mwisho wa kulia, kule zinakokaa sauti za juu, yeye alikuwa ameuacha umenyanyuka kidogo, kwa makusudi, kwa sababu ndivyo masikio yake yalivyomwelekeza. Sasa ulikuwa umelala chini.

Binti alishtuka. Fundi alimwuliza anafanya nini.

"Nahakikisha tu, Baba."

Fundi alichukua miwani juu ya meza, akaondoka. Nyumbani aliisukuma sahani kando. Alijua maana ya alichokiona, au alidhani anajua: binti amesoma, amemwona mzee amechoka, na sasa anamnyang'anya kazi kidogo kidogo, kimyakimya, kwa heshima zote. Laiti angekuwa mwanafunzi wa kawaida angemweka chini wakaambizana ukweli. Lakini utamwambiaje mke wa mwanao kwamba amekuvunjia heshima, ilhali hata kukutazama machoni hajawahi? Akameza. Mkewe alipomwuliza kulikoni, akasema ni joto.

Tangu siku hiyo alianza kumweka mbali kwa ustadi wa mtu anayechelea kuonekana mbaya. Gari likikaribia kumalizika, ghafla kulikuwa na nyaya za kupangwa stoo, au viunganishi vya kununua upande wa pili wa mji. Binti alikwenda, akarudi, hakuuliza. Alizidi tu kuwa mkimya, na Fundi aliuchukulia ukimya huo kuwa ni ushahidi.

Ndipo Mtangazaji alipoleta gari lake.

Mtangazaji alikuwa mzee aliyestaafu redioni, mtu ambaye sauti yake iliwahi kuamsha nchi nzima kwa taarifa ya habari ya asubuhi, na ambaye hata leo akiagiza chai hotelini watu wa meza za jirani hugeuka. Alikuwa mteja wa Fundi tangu enzi za kanda. Safari hii alitaka prosesa, na alieleza sababu bila haraka, kila neno likitoka limepigwa pasi. Alikuwa na rekodi za bendi za zamani, nyingine alisimamia yeye mwenyewe zikirekodiwa, na alitaka, kabla hajafa, azisikie tena kama alivyozisikia siku ile akiwa upande wa pili wa kioo cha studio. Nyumbani wajukuu hawamwachi. Gari ndicho chumba pekee kilichombakia.

Fundi aliifanya kazi hiyo peke yake, tangu skrubu ya kwanza. Alifunika milango kwa ndani isitetemeke, akavielekeza vile vispika vidogo vya kwenye nguzo za kioo kwa kuvigeuza unywele kwa unywele, akapanga muda wa kila spika hadi mwimbaji akasimama katikati ya dashibodi wima kama mshumaa. Halafu akazipandisha sauti za juu hadi akasikia kila kitu anachotaka kusikia. Alipofumbua macho alikuwa na hakika kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile maishani mwake.

Mtangazaji alikuja asubuhi na mkewe. Bibi akapanda nyuma, mzee akaketi mbele, Fundi akasimama nje akiwa ameegemea mlango uliokuwa wazi, mikono kifuani. Wimbo ukaanza. Gitaa la kwanza liliingia na Mtangazaji akatabasamu. Besi ikafuata, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha matoazi yakaingia, na mwimbaji akafungua kinywa, na tabasamu la mzee likabaki pale pale usoni huku macho yakianza kujikunja. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe, ukapunguza. Ukapunguza tena. Kule nyuma bibi alikuwa ameziba masikio kwa viganja vyote viwili, na alipoona Fundi anamtazama, akajifanya anatengeneza kitambaa chake kichwani.

Mtangazaji akazima. Alisifu besi, akasifu jinsi mwimbaji alivyosimama. Halafu akanyamaza kidogo, kama alivyokuwa akinyamaza zamani kabla ya habari nzito.

"Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali. Nikikudanganya nitakuwa nimekudharau. Sauti za juu zinachoma. Kila anapotamka neno lenye sauti ya s, ni kama wembe." Akashusha pumzi. "Gari la binti yangu ulilolifanya miezi michache iliyopita ni asali tupu. Hili limepatwa na nini?"

Gari la binti yake. Fundi alilikumbuka vizuri, na alikumbuka kwamba alilipangia sauti kwa namna ile ile, kwa masikio yale yale. Alinyanyua macho. Mlangoni mwa stoo alikuwa amesimama mkwewe na roli la waya begani, na walipokutana macho, kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja, Fundi ndiye aliyetangulia kuyainamisha.

Alimwomba Mtangazaji amwachie gari hadi kesho. Walipoondoka kwa teksi, aliketi kwenye benchi la kazi na kumwita binti. Sauti ilimtoka bila ukali, na hilo liliwashangaza wote wawili. Akataka aelezwe yote.

Binti alieleza akiwa amesimama. Ilianza msimu wa mvua uliopita. Baba alikuwa amekwenda msibani, na mteja mmoja akarudi akilalamika kwamba gari linamtoboa masikio. Alipopima akakuta kweli, akazishusha sauti za juu, mteja akaondoka na furaha. Alidhani Baba ana mafua, maana mafua huziba masikio, akasema yatapita. Gari lililofuata likawa vile vile. Na lililofuata. Akawa anasubiri Baba atoke kwenda kula, ndipo anashusha kidogo, si zaidi ya panapohitajika. Mengine yote anayaacha kama yalivyo, kwa sababu mengine yote hayana kasoro.

"Kwa nini hukuniambia?"

Binti alilishusha lile roli la waya kutoka begani.

"Ningeanzaje, Baba? Watu wanakuita Sikio."

Fundi akamwambia alete kompyuta na ile spika nzuri ya kupimia, amchezee sauti moja inayopanda taratibu kutoka chini kwenda juu. Atanyosha mkono. Sauti ikimpotea ataushusha.

Ikaanza kwa mngurumo uliotetemesha kikombe cha chai mezani. Ikapanda ikawa sauti ya mwanamume, ikawa ya mwanamke, ikawa filimbi, ikawa uzi mwembamba wa fedha unaovutwa hewani. Uzi ukakatika. Fundi akashusha mkono, akamtazama mkwewe, akitaraji kumwona akifunga kompyuta. Lakini uso wa binti ulikuwa bado umetega, kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jirani akimwita kwa mbali.

"Imekwisha?" aliuliza Fundi.

"Bado, Baba."

Akasubiri. Juu ya bati la paa hapakusikika kitu. Ndani ya masikio yake hapakuwa na kitu.

"Na sasa?"

"Bado."

Ilikuwa ndefu ajabu, ile sehemu ya dunia iliyokuwa imebaki huko juu bila yeye. Alikumbuka kwamba mwaka huu alimwambia mkewe kuwa nyenje hawalii tena usiku, wamehama mtaani, labda kwa sababu jirani amefyeka vichaka vyake, na mkewe akamtazama tu asijibu. Akakumbuka jinsi watu wengi walivyomshika mkono karakanani na kumsifu, jinsi alivyozipokea sifa hizo kwa kuinamisha kichwa kidogo, na jinsi kila moja ilivyokuwa imepitia mikononi mwa binti huyu kabla ya kumfikia. Na akakumbuka jambo dogo ambalo lilimuuma kuliko yote. Mkewe amekuwa akinung'unika kwamba mkwe wao hali vizuri, kila siku anarudi wa mwisho, anakula ugali uliopoa. Yeye mwenyewe alikwisha kusema mezani kwamba vijana wa siku hizi hawajui kupanga muda wao.

Maneno aliyokuwa nayo yote yalikuwa ya kazi. Alisimama, akashusha mlango wa chuma wa karakana nusu, jambo ambalo hakulifanya mchana hata mara moja tangu aifungue.

"Twende tukale," akasema. "Wote wawili. Kikiwa moto."

Walitembea njia nzima bila kusemezana, lakini haukuwa tena ule ukimya wa juzi. Mama wa nyumba alipowaona wanaingia pamoja, aliacha mwiko hewani akauliza nani amefariki.

Jioni ile Fundi alimweleza mkewe, na mkewe hakushangaa. Kilichomshangaza Fundi ni kwamba yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Baadaye kidogo mkewe alimpeleka kwa daktari wa masikio, ambaye alithibitisha yaliyokwisha kujulikana: kilichokwenda hakirudi, kilichobaki kilindwe. Fundi alimshukuru kwa heshima akatoka. Alishangaa kujiona hana uzito kifuani. Ilikuwa kama kuambiwa jina la mtu ambaye mmekaa naye nyumba moja muda mrefu.

Lakini gari la Mtangazaji lilimtangulia daktari. Kesho yake asubuhi Fundi alivua viatu, akaketi kwenye kiti cha dereva, na badala ya kufunga mlango akamwita mkwewe aje aketi kiti cha pili. Binti alisita. Hajawahi kuketi sambamba na baba mkwe wake. Mwishowe naye akavua viatu vyake, akaingia, akaiweka kompyuta kati yao.

Wakaanza chini, kwenye besi. Hapo Fundi alikuwa nyumbani kwake. Aliagiza, binti akabonyeza. Alisema mwimbaji ameegemea kulia kidogo, binti akasema yeye haoni hivyo, Fundi akaomba spika ya kulia icheleweshwe kidogo tu kuliko ilivyokuwa, na mwimbaji akasogea, akasimama, na binti akacheka kwa mshangao kama mtoto aliyeonyeshwa kiinimacho. Alikiri kwamba asingeligundua hilo kwa kipimo chochote. Walipanda hivyo, ngazi kwa ngazi, hadi pale ambapo ule uzi wa fedha ulikatika jana. Fundi akaondoa mkono kwenye kompyuta, akaisogeza upande wa mkwewe.

"Kuanzia hapa ni kwako."

Akageuka kutazama nje ya dirisha ili asimtie kiwewe, na akamwacha afanye kazi.

Mtangazaji alipokuja alisikiliza wimbo mzima bila kugusa kitu. Bibi kule nyuma alianza kuufuatisha kwa sauti ya chini. Ulipokwisha mzee alimgeukia Fundi akamwambia kwamba hii ndiyo asali aliyokuwa akiisema.

"Aliyeirina ni huyu," Fundi akajibu, akimwonyesha mkwewe. "Na ya binti yako aliirina yeye. Masikio yangu ya juu yamekwisha, mzee wangu. Haya tunayotumia hapa ni yake."

Alikuwa ameyapanga maneno hayo tangu alfajiri, na alidhani yatamshinda. Yalitoka laini. Binti alikuwa akitazama vidole vyake. Mtangazaji alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, halafu akaanza kucheka taratibu. Akasema miaka yake ya mwisho kwenye maikrofoni macho yalikuwa yamefifia na hakumwambia mtu, lakini siku moja akakuta taarifa ya habari imechapwa kwa herufi kubwa, na kesho yake tena, na kila siku hadi alipostaafu. Yeye alidhani wamenunua mashine mpya. Siku ya kuagwa ndipo alipojua kwamba kulikuwa na dada mmoja wa chumba cha habari aliyekuwa akiwahi kufika na kuzichapa upya. Tangu hapo kila mwaka mpya humpigia simu, na dada huyo huwa hajui aseme nini.

Wiki kadhaa zikapita. Wateja walizoea kuwakuta wawili ndani ya gari, na baadhi yao walianza kumwulizia binti moja kwa moja, jambo ambalo Fundi alilipokea kwa fahari aliyojitahidi kuificha. Siku moja mkwewe alimwomba ufunguo wa pikapu yake, ile kuukuu ya kubebea vifaa, ambayo kwa kuwa ni ya fundi mwenyewe haikuwa na muziki wa maana. Alikaa nayo mchana kutwa. Alipomrudishia, alimweleza, akitazama chini, kwamba amefunga prosesa ndogo iliyobaki stoo, na kwamba ina nafasi mbili. Ya kwanza ni ya watu. Ya pili ni ya Baba. Ameipima kulingana na ile siku ya mkono, amezinyanyua zile sauti tu zilizompotea, tena kwa kadiri ambayo haitamwumiza sikio. Asiiweke akiwa na mtu mwingine.

Fundi aliingia, akafunga mlango, akabonyeza mbili. Akayasikia matoazi. Hayakuwa kama ya zamani, hata yeye alijua, yalikuwa kama mtu unayemfahamu aliyerudi amekonda. Lakini yalikuwa matoazi. Akasikia vidole vikiteleza kwenye nyuzi, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno la kwanza, pumzi ambayo hakujua kwamba ameikosa. Alipotoka nje alimkuta mkwewe bado amesimama, akisubiri kuambiwa ni kipi cha kurekebisha.

"Mwanangu," akamwambia, na ikawa ndiyo mara ya kwanza kumwita hivyo bila mwanawe kuwepo. Binti alimtazama usoni, akaitikia kwa kichwa, akaenda kufunga stoo.

Jumapili iliyofuata Fundi alimpeleka mkewe kumwona dada yake nje ya mji. Barabara ilikuwa tupu, madirisha yamefungwa kwa ajili ya vumbi. Aliweka wimbo ambao wote wawili waliupenda, kwenye nafasi ya kwanza, ya watu. Walikwenda hivyo kitambo. Kisha mkewe akauliza kitufe cha pili ni cha nini, ingawa alikwisha kuambiwa.

"Hicho changu. Kitakuchoma."

Mkewe akanyosha mkono akakibonyeza.

Fundi alimwona akikunja uso mara moja, bega likipanda hadi sikioni. Alinyosha mkono kukizima, lakini mkewe aliushika kifundoni akaushusha, akaendelea kuushikilia.

"Hivi ndivyo unavyosikia?"

"Hapana," akasema. Alitafuta namna ya kueleza. "Hivi ndivyo inavyobidi iwe, ndipo mimi nisikie kama wewe."

Kiganja kimoja cha mkewe kilikuwa sikioni, kingine juu ya mkono wa mumewe. Fundi hakujua ni sauti gani hasa inayomkata; kwake mwimbaji alikuwa amesimama katikati ya dashibodi, wima, akivuta pumzi. Alipunguza mwendo, akaitazama redio, kisha akamtazama mkewe, akimwuliza kwa macho kama aizime.

"Iache," mkewe akasema. "Iache mpaka iishe."

Ulikuwa umebaki ubeti mmoja.